Nusu Kilo ya Sukari na Vitabu Vinne

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumamosi, lori la sukari lilisimama mbele ya duka la ushirika mtaani kwetu, Kisarawe. Vita vilikuwa vimekwisha miaka miwili kabla. Nilikuwa nafundisha hisabati shule ya msingi. Binti yetu alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, na uzito wa kilo saba na robo. Muuguzi wa kliniki alikuwa ameagiza apewe uji wenye sukari na mafuta mara tatu kwa siku, bila kukosa. Ndicho kilichonipeleka kwenye foleni.

Siku hizo bidhaa zilizododa ziliuzwa kwa kufungwa pamoja na zile zinazotafutwa. Mara iliyotangulia sukari ilikuja na majembe yasiyo na mipini. Safari hii ilikuja na vitabu.

“Kila kaya kilo mbili na kitabu kimoja,” muuzaji alitangaza. “Sukari haitoki peke yake.”

“Kitabu nikikoroge kwenye chai?” aliuliza mama mmoja nyuma yangu.

“Kisome tu, mama. Utamu umo humo.”

“Basi tubadilishane. Wewe kasome, mimi nipe kilo nne.”

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kufungua changu. Kilikuwa kitabu cha kwanza kati ya vinne, hadithi ya mpimaji ardhi aliyetumwa kuchora ramani ya nchi ambayo milima yake huhama usiku. Tangu utotoni nilipenda hadithi za namna hiyo. Redio yangu niliinunua kwa akiba ya miaka miwili, na vipindi nilivyovifuatilia zaidi ni vya michezo ya kuigiza yenye majini na falme zisizokuwapo. Vitabu vya aina hiyo sikuwa nimeviona dukani kwa muda mrefu.

Cha pili, cha tatu na cha nne vilikuwa mikononi mwa majirani watatu. Kila mmoja alikubali kuniachia chake kwa nusu kilo ya sukari. Mama wa chai ndiye aliyekuwa na cha mwisho. Alipokea sukari yake akaniambia, “Mwalimu, Mungu akuzidishie kusoma.”

Nyumbani mke wangu aliupima mfuko kwa mkono.

“Sukari nyingine iko wapi?”

“Iliyobaki inamtosha mtoto. Nimepiga hesabu.”

“Hesabu ya nini?”

“Ya lori.”

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Kijiko kimoja, kwa mizani ya shule, kilikuwa gramu kumi, kwa hiyo vijiko vitatu kwa siku vingemaliza nusu kilo baada ya siku kumi na sita. Nilikuwa na tarehe za malori sita yaliyopita. Wastani wa kusubiri ulikuwa siku kumi na mbili, na kusubiri kurefu kuliko kote kulikuwa siku kumi na tano. Mimi na mke wangu tungekunywa chai ya mkandaa, bila sukari. Mke wangu aliisikiliza hesabu hiyo mpaka mwisho, kisha akaenda kuufunga mfuko ili usiingie sisimizi.

Lori lililofuata lilikuja siku ya arobaini na tatu.

Sukari iliisha siku ya kumi na saba. Siku ya kumi na nane mtoto aliutema uji. Tulijaribu chumvi, tukajaribu ndizi iliyopondwa, akawa anageuza uso ukutani. Nilirudi kwa majirani na vitabu vitatu kwapani. Mama wa chai alisema kwa upole, “Mwalimu, ile tuliinywa siku nyingi.” Siku ya ishirini na sita mizani ya kliniki ilisoma kilo sita na nusu, na mtoto akalazwa hospitali ya wilaya kwa siku tisa.

Alipotoka, mke wangu hakurudi nyumbani. Alimchukua mtoto akaenda naye kwa mama yake, Visiga. Niliwafuata.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kaa hapo nje.” Mama mkwe hakuniangalia. “Nasikia unalijua lori kuliko dereva.”

Nilikaa hapo nje. Kupitia mlangoni nilimwona mke wangu akimlisha mtoto kwa kidole. Mtoto alikuwa anameza. Mke wangu aliinua macho, akasema jambo moja tu: “Ukija tena, usije mikono mitupu.”

Redio niliyoinunua kwa shilingi mia nane na hamsini nilimuuzia fundi saa kwa mia tano. Mlanguzi wa kando ya barabara ya Morogoro alinipa kilo mbili za sukari kwa shilingi tisini, wakati dukani kilo mbili ziliuzwa kumi na nane. Niliipeleka mwenyewe. Walikaa Visiga miezi mitano, mpaka mtoto akafika kilo nane na nusu. Kitabu cha nne sikukifungua.

Nikijumlisha kilichopungua kwenye redio, kilichozidi kwa mlanguzi, nauli zangu shilingi arobaini na nane, kitabu cha kwanza shilingi kumi na mbili, na ile kilo moja na nusu niliyoigawa, nilipoteza shilingi mia nne tisini na tano na senti hamsini.