Kofia ya Verlon Kubicek

Sisi watu wa Nebraska hatuna makuu. Tuna mahindi, tuna kanisa, tuna uwanja wa shabaha nyuma ya ghala la nafaka, na hapo uwanjani tuna mila moja isiyochezewa: siku utakayozivunja kwa bunduki sahani zote ishirini na tano za udongo zinazorushwa hewani na mtambo, kwa mara ya kwanza maishani mwako, unairusha juu kofia uliyoivaa, na wenzako wanaimiminia marisau. Si kofia nyingine. Ile ile uliyoingia nayo mstarini.

Arlys Kubicek alikuwa akivaa kofia ya njano ya kampuni ya mbegu, ukingo wake umeliwa na jasho. Jasho lenyewe lilikuwa la mumewe, Verlon, aliyepiga shabaha miaka thelathini na moja na kofia hiyo kichwani asivuke ishirini na nne. Mara kumi na moja alifika hapo, na mara kumi na moja sahani ya mwisho ikaenda zake salama salimini. Kila Ijumaa, kwenye baa wanakokaanga samaki, rafiki yake Glen alimpokea kwa swali moja: "Kofia inaendeleaje?" Naye hujibu, "Nzima, haina hata tundu." Baa yote hucheka. Verlon alicheka pia, lakini ni Arlys aliyemwona akiitundika jikoni kwenye msumari na kuitazama kidogo kabla ya kunawa mikono.

Verlon alifariki mwaka juzi, mwezi wa pili, ardhi imeganda hata kaburi likachimbwa kwa mashine. Kofia ikabaki msumarini. Arlys hakuwahi kushika bunduki. Miaka ishirini na tisa alishika mwiko akiwapikia watoto wa shule, na kuamrisha alikujua kuliko kulenga. Aliyemtoa jikoni ni Ronda Svoboda, daktari wetu wa mifugo, ambaye huwafundisha kina mama kupiga shabaha kila Jumanne alasiri. Ronda alikuja kuagiza vitumbua vya jamu kwa ajili ya klabu, akaondoka na mpishi mwenyewe.

"Usiitazame bunduki, mama," alimwambia siku ya kwanza. "Itazame sahani. Ukishangaa bunduki, sahani imeshafika kwa jirani."

Aliitoa kofia ya Verlon msumarini, akaivaa, akaanza kwa kuvunja tisa. Bega likavilia damu, akalipaka dawa, Jumanne iliyofuata akarudi. Papo kwa papo kamba hukata jiwe: kumi na nne, kumi na tisa, ishirini na mbili. Kiangazi cha pili akagusa ishirini na nne. Akagusa tena. Na mara ya tatu. Kila mara ni ile ya mwisho tu iliyomshinda, na wenzake wakaanza kutazamana.

Jumanne ya mwisho ya msimu, kabla hawajaingia mstarini, Ronda alimvuta kando.

"Bi Arlys, nikuulize kitu bila kugombana?"

"Uliza. Kugombana tutapanga baadaye."

"Ile ya mwisho unaikosa kwa makusudi."

"Mimi? Nimepikia watoto mia mbili kila siku, sijaunguza sufuria kwa makusudi hata moja. Leo ndiyo nianze?"

"Mkono unasita, mama, nimeuona kwa macho yangu. Unaionea huruma kofia." Akamnyooshea kofia ya klabu, ya rangi ya waridi. "Vaa hii. Hii ndiyo tuitoboe, ile ya mzee ibaki salama."

Hasira zilimpanda Arlys, kwa sababu Ronda alikuwa amesema kweli. Aliishika ile ya waridi, akaiona akilini ile ya njano imerudi msumarini, nzima, mpaka naye afe na wanawe waitie kwenye mfuko wa nguo kuukuu. Ndipo akakumbuka kwamba Verlon alikuwa na kofia tele za bure, za kila kampuni ya mbegu. Angeweza kuvaa yoyote. Lakini aliyoipeleka mstarini kila wiki ni hii, aliyoipenda. Mtu hapeleki kitu chake mbele ya bunduki za wenzake miaka thelathini na moja kwa kutaka kirudi salama.

"Mjinga mimi," alisema kwa sauti, akamrudishia Ronda ya waridi. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Twende."

Glen ndiye aliyekuwa mwamuzi siku hiyo. Mwamuzi wetu ana neno moja tu, "Imepotea!", na hulitamka ukikosa. Ukivunja, hunyamaza. Alinyamaza sahani ya kwanza ya Arlys, akanyamaza ya kumi, akanyamaza ya ishirini na nne. Kina mama wengine wanne, Ronda akiwemo, walikuwa wamekwisha kumaliza zamu zao na kufungua bunduki zao kuonyesha hazina risasi. Kwa kuwa Arlys alikuwa wa tano, risasi ya mwisho ya kundi ilikuwa yake.

"Vuta!" Arlys aliita, ili sahani irushwe.

Sahani ilichomoka kulia, chini chini. Alihisi mkono ukitaka kusita, akaukemea kama alivyowakemea watoto waliorukia foleni ya chakula, kisha akafyatua. Sahani ikawa vumbi.

Akasubiri neno la Glen. Glen hakusema kitu. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaendelea kutosema kitu.

"Tunaweza kupiga pembeni," Ronda alinong'ona huku akishindilia risasi. "Nani atajua?"

"Ole wake atakayekosa," alisema Arlys. "Ninyi wote nawajua mnapokaa."

Akaivua kofia, akaibusu ukingo, akairusha mbele kwa mkono uliozoea masufuria ya shule. Bunduki nne zikalia pamoja. Walipoiokota majanini, upande mmoja haukuwepo. Arlys alilia, na alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi tangu azike, vyote kwa pamoja, wala hakujificha.

Ijumaa aliingia baa akiwa ameivaa, jua la mlangoni likipenya matundu mpaka usoni pake. Glen alimpokea kwa swali lile lile.

"Kofia inaendeleaje?"

Arlys akaivua na kuiweka mezani, katikati ya samaki na limau.

"Mbovu," alisema. "Ukinitangulia kwa Verlon, mwambie ni mbovu kabisa."