Asubuhi Nereo Aliyochelewa Kugonga Reli

"Nipe ufunguo, Nereo. Mungu mwenyewe yuko likizo, wewe unamlindia mabenchi."

"Rudi ukalale, shemeji."

"Nilale wapi? Paa langu linavuja mpaka kitanda kinaelea, jana kidogo kinifikishe Haiti. Hapa ni pakavu. Tunaweka meza moja tu ya dhumna, wanaume wapate pa kukaa."

Walikuwa wamesimama mlangoni mwa kanisa la kambi ya wakata miwa, Chago na chupa ya ramu kwapani, Nereo na nyundo mkononi. Kulikuwa kumeshapambazuka. Siku nyingine, saa hiyo, angekuwa amekwisha kukigonga mara saba kile kipande cha reli kinachoning'inia nje.

Kiwanda cha sukari kilipozima moto mwezi Juni, king'ora nacho kilinyamaza. Muda uliokufa, ndivyo wanavyoiita pale miezi isiyo na mavuno. Bila king'ora, siku hukorogeka kama uji. Mwaka mmoja kambi nzima ilivaa nguo za Jumapili siku ya Jumatano, wakaimba mpaka adhuhuri, na aliyewasahihisha ni mbuzi aliyepita akipelekwa mnada wa Jumatano.

Nereo alikuwa na kosa lake kubwa kuliko hilo. Mwaka jana aliunywa kwa ramu muda wote uliokufa. Mavuno yalipoanza, viganja vyake vilikuwa laini kama mkate uliolowa, na siku ya tatu panga likamteleza likamla muundi. Mkewe, Melania, dada yake Chago, alifungasha nguo akaenda mjini Barahona kufulia watu. Hakugomba. Alisema tu, "Nimechoka kuolewa na mwanamume wa miezi sita."

Tangu mwaka huu muda ulipokufa, kila alfajiri Nereo alinoa panga lisilo na muwa wa kukata, akagonga reli, akafungua kanisa, akapiga magoti. Mchungaji huja wakati wa mavuno tu. Siku ya kwanza walikuja watatu. Baada ya wiki, hakuna. Siku mia moja na kumi aliomba peke yake, sauti ikimrudia kutoka kwenye mabati kama ya mgeni. Kisha kila siku alikwenda nyumbani, akaponda ndizi za mtu mmoja, akaosha sahani moja.

"Nani anakuja?" Chago aliuliza.

"Hakuna."

"Na nani anasikia? Jana umegonga, mbwa wako mwenyewe akajifunika gunia."

"Mungu anasikia."

"Mungu anakusikia hata ukiwa kitandani, shemeji. Hahitaji chuma."

Hilo lilimchoma, kwa kuwa swali hilohilo alikuwa akijiuliza kila alipoinua nyundo. Alichoka ghafla, uchovu wa siku zote mia na kumi kwa mpigo. Akavua shingoni uzi wenye ufunguo. Chago akanyoosha mkono.

Nyayo zikalia matopeni nje. Akatokea Basilio, mfalme wa dhumna, ambaye watu walisema asubuhi ya mwisho kuonekana akiwa macho ni ile aliyozaliwa. Shati limefungwa vifungo vyote, nywele mbichi kwa maji, mkononi panga lililonolewa likang'aa.

"Leo vipi?" alisema. "Nimekaa kitandani na viatu miguuni, nasubiri chuma. Miezi yote naomba kwangu ukigonga, nanoa ukigonga. Unaumwa?"

Chago akaurudisha mkono, akauficha nyuma pamoja na chupa.