Besi Nyuma ya Mabanzi

Muziki ninaoupenda mimi watu wengi hawauiti muziki. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke, kisha tuendelee. Nina duka la pembejeo Lyamkena, hapa Makambako: mbegu, mbolea, dawa za viazi, mabomba ya kupulizia. Wateja wakipungua navaa hedifoni na kusikiliza kaseti ambazo hazitapigwa redioni hata dunia ikiisha. Iko moja iliyotoka karibuni ya mama mmoja wa Mbeya: upande mzima ni mashine ya kusaga inawashwa, inasaga, inazimwa. Iko nyingine ya mtu aliyezamisha maiki ziwani huko Ludewa akanasa nyavu zikivutwa chini ya maji, na ukiisikiliza unahisi kuna mtu anakuvua wewe. Jirani yangu, dada anayeuza chipsi, alijaribu siku moja. Akanirudishia hedifoni haraka haraka. "Hili gari linakataa kuwaka, dada, na wewe umekaa tu unalisikiliza?"

Lebo inayotoa kaseti hizo ni mtu na mkewe, wako Dar es Salaam, wanazirudufu jikoni kwao moja moja, na majalada wanayagonga kwa mihuri waliyochonga kwenye viazi. Nyingine wanaziweka mtandaoni. Wasikilizaji wao wote ukiwakusanya hawajazi ukumbi wa harusi. Walishatoa kazi zangu mbili, upepo kwenye misonobari ya Njombe na malori yanayoshusha gia pale njia panda ya Makambako. Wakawa wananisumbua kuhusu ya tatu. Ya tatu ni hii ya Baba.

Baba alikuwa mpiga besi kwenye kundi la tarumbeta la usharika wetu, Kichiwa. Besi ni lile tarumbeta kubwa kuliko yote, unalipakata mapajani na kulikumbatia. Sasa, kundi zima likipiga, besi huisikii masikioni, unaisikia tumboni. Lakini Baba alikuwa akifanya mazoezi nyumbani peke yake, kwenye stoo ya mahindi, na besi ikiwa peke yake haina wimbo. Ni pum. Kimya. Pum, pum. Kimya kirefu. Mimi nimekulia humo, nikisikia nyimbo za kanisa zenye miguu tu, hazina kichwa. Ndiyo maana masikio yangu yaliharibika mapema, na sitaki dawa.

Stoo ile iligusana na jiko. Katikati kulikuwa na ukuta wa mabanzi, zile mbao za magamba zinazobaki magogo yakipasuliwa, yamepigiliwa mawili mawili ili panya wasipite. Baba alikuwa na kiti chake, amekiegemeza kwenye ukuta huo. Upande wa pili, karibu na moto, alikaa Mama.

Mama haimbi. Hilo nyumbani kwetu lilijulikana kama inavyojulikana kwamba Julai ni baridi. Aliletwa kuolewa kutoka Ludewa, Mpangwa katikati ya Wabena, na inasemekana alipokuwa bado bibi harusi mpya wanawake wa kwaya walimcheka alivyotamka maneno ya wimbo mmoja wa Kibena. Akafunga mdomo siku hiyo. Kanisani anashika kitabu, kidole kinafuata mistari, midomo haitikisiki. Hata sisi wanawe hakutubembeleza kwa wimbo. Alitupiga piga mgongoni kimya kimya mpaka tukalala.

Kifua cha Baba kilipoanza kumsumbua, Mama alivumilia, kisha akachoka kuvumilia. Siku ninayotaka kuisimulia nilikuwa nimepanda Kichiwa na vyombo vyangu kumrekodi, na nilifika nikawakuta hawasemeshani. Asubuhi Mama alikuwa amemwambia waziwazi, "Rudisha besi ya watu kanisani. Itakuua." Na Baba, ambaye hakuwa mtu wa majibu mabaya, akamjibu, "Bora iniue yenyewe kuliko wewe na maneno yako." Mungu wangu. Nilikunywa chai yangu nikiangalia kikombe.

Alasiri ikaanza mvua ya rasharasha juu ya bati, kisha ikakolea. Nikabandika maiki yangu ukutani. Si maiki ya kuwekwa mdomoni. Ni kile kisahani chembamba cha shaba kinachotoa mlio ndani ya saa ya mezani, unakichomoa, unakiunga waya, unakibandika kwenye mbao. Hakisikii hewa. Kinasikia kile ambacho mbao inasikia. Nilitaka kunasa jinsi besi inavyotetemesha mabanzi.

Mahindi yalikuwa yametoka kuvunwa, magunia yamesimama mahali pa kiti chake, kwa hiyo Baba akakaa mlangoni. Akapiga wimbo mmoja wa jioni, taratibu sana, akisubiri muda mrefu katikati ya mapigo. Nikadhani anatafuta pumzi. Alipofika ubeti wa tatu akaacha. Akailaza besi chini, akainuka, akajipenyeza katikati ya magunia mpaka ukutani, akaegemeza kichwa chake kwenye mabanzi, amefumba macho. Nikamuuliza, "Baba, nikuletee maji?" Akatikisa kichwa. Mvua ilikuwa inapiga bati, sikusikia kingine chochote. Nikaacha mashine iendelee mpaka aliporudi kukaa.

Hakupiga tena. Wiki ile ile tukampeleka hospitali, na tukarudi naye ndani ya jeneza.

Kundi lao lina desturi yake. Mpigaji akifa, siku ya mazishi wenzake wanapiga, ila sehemu yake haipigwi na mtu. Chombo chake kinalazwa kwenye kiti na kiti kinakaa pale pale kwenye mstari. Wakapiga wimbo ule ule wa jioni bila besi. Jamani, mimi ninayejifanya napenda muziki wa ajabu, nilishindwa. Wimbo ulikuwa unaelea, chini yake hakuna kitu, na kila mahali besi ilipopaswa kuingia watu wazima walikuwa wanainamisha vichwa. Mama alisimama akiangalia kile kiti, mdomo ameufunga.

Watu walipotawanyika akanivuta pembeni. "Wewe ulikuwa naye mle stoo. Mbona aliacha katikati?"

"Alichoka, Mama."

"Hakuchoka. Alikasirika."

Tangu hapo ikawa ndiyo salamu yetu. Akinipigia simu tunaulizana hali, tunaongea mvua, tunaongea ng'ombe, halafu, "Mbona aliacha?" Nilimjibu kwa upole, nikamjibu kwa ukali, nikamwambia kifua, nikamwambia uzee. Hakuna jibu lililokaa. Ikafika mahali nikiona jina lake kwenye simu naiacha iite kwanza, na nilijichukia kwa hilo. Alikuwa anakonda. Mdogo wangu anayeishi naye akaniambia Mama anakaa jikoni kutwa, chakula anapika vizuri, ila yeye hali.

Na mimi nilikuwa na yangu. Pale Makambako lori likishusha gia linatoa mlio wa chini, pum, na mimi nageuka. Kila mara nageuka. Mteja ananitajia aina ya mbegu, mimi naangalia barabarani kumtafuta mzee aliyekumbatia shaba. Ile rekodi sikuthubutu kuifungua. Niliifungua mchana mmoja jua likiwaka, duka limejaa mwanga, kwa sababu nilijua nikiifungua gizani nitakufa.

Besi ikaanza. Pum. Na kwenye kile kimya kinachofuata, mwanamke akaimba.

Nikavua hedifoni nikazitupa juu ya mfuko wa mbolea. Nikazivaa tena. Bado yupo. Sauti nyembamba, ya mbali, imefunikwa, inajaza kila mahali Baba anaponyamaza. Akimaliza mstari, Baba anapiga. Maneno si Kiswahili, si Kibena. Mle stoo tulikuwa wawili tu, mimi na Baba, na haki ya Mungu hakuna aliyeimba. Nikamkumbuka bibi, mama yake Baba, aliyefia kwenye jiko lile lile. Lakini bibi alijua Kibena tu, alikufa nacho. Huyu ni nani basi, anayeimba na baba yangu? Nikafunga duka, jirani nikamwambia naumwa malaria. Akaniangalia. "Malaria au yale magari yako?"

Nikawatumia wale wa Dar bila kueleza chochote, nikiomba kimoyomoyo wasikie besi peke yake. Yule bwana akajibu. "Dada, hiyo sauti ya mwanamke umeipachika vizuri mno, tunaitoa hii mwezi huu. Ila mkia tutaukata. Besi ikishanyamaza kinachobaki ni magunia yanasukumwa na mtu anapumua. Hakuna wimbo tena pale."

Sikuwa nimepachika mwanamke yeyote.

Nikabeba spika nikapanda Kichiwa. Mama nilimkuta jikoni, amekaa mahali pake pa siku zote, mgongo ukutani, anamenya viazi. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama usoni akaacha kumenya.

"Mama, kwenye sauti ya Baba kuna mtu. Nataka uniambie kama unamjua."

"Sitaki. Sitaki kumsikia baba yako akiniacha tena."

"Mimi naogopa, Mama." Sauti yangu ikatoka kama ya mtoto, na nina watoto mimi. "Silali. Sikiliza kidogo tu."

Nikawasha. Besi ikapiga, jiko zima likaitika, masufuria yakatetemeka kama alipokuwa hai. Kisha kimya. Kisha yule mwanamke. Kisu cha Mama kikasimama katikati ya kiazi.

"Zima."

"Ni nani, Mama?"

"Zima, nimesema!"

"Sizimi. Ni nani?"

Akainamisha kichwa, kama mtu aliyekutwa na mkono kwenye kopo la sukari. "Ni mimi."

Ikatoka polepole, besi ikiendelea kupiga katikati yetu. Tangu alipoletwa pale, Baba akifanya mazoezi stoo, yeye aliimba huku, chini chini, mgongo ukutani, kwa Kipangwa alivyofundishwa na mama yake. Besi haikumcheka. Na Baba, mgongo wake ukiwa upande wa pili, alikuwa akimngoja amalize mstari ndipo apige. Maisha yao yote. Sisi watoto tulipita pale na ndoo za maji tukisikia pum, kimya, pum, tukadhani Baba anahesabu.

"Mlikuwa mnaongea habari hiyo?"

"Tuongee nini? Ukiiongea inaharibika." Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Siku ile nilikuwa nina hasira naye. Lakini nilimsikia anaanza, nikaimba. Ndiyo ilikuwa namna yangu ya kumwambia yaishe. Halafu akaacha. Ubeti wa tatu, akaacha. Mimi nikaendelea. Nikaimba ubeti mzima peke yangu nikimngoja aingie. Hakuingia." "Ndipo nikajua hajanisamehe. Amekufa hajanisamehe, mwanangu."

Kwenye spika ubeti wa tatu ulikuwa umeshaanza. Besi ikapiga mara ya mwisho. Ikalazwa chini. Sauti yake Mama ikaendelea yenyewe, na Mama akaziba masikio.

Mimi sikuziba. Kiti kikakwaruza sakafu. Magunia yakasukumana. Kisha, gu, kitu kizito kikagusa ubao. Na hapo nikaelewa, nikapiga magoti mbele ya mama yangu nikamtoa mikono masikioni kwa nguvu.

"Sikiliza! Mama, sikiliza. Magunia yalikuwa yamekaa mahali pake. Alikaa mlangoni. Na mvua ile, kutoka mlangoni alikuwa hakusikii. Alikuwa anangoja kila mahali, ndiyo maana alipiga taratibu, alikuwa anakutafuta. Akaacha akaja kukutafuta ukutani."

Kichwa cha Baba kilikuwa kwenye banzi, karibu kabisa na kisahani changu, na pumzi yake ilisikika kubwa kuliko wimbo wa Mama. Pumzi mbovu, yenye mikwaruzo. Mama akaimba mstari, pumzi ikanyamaza. Akamaliza mstari, ikatoka. Mahali pale pale ambapo besi ingepiga, Baba alikuwa anapumua. Mstari baada ya mstari, ubeti mzima, hadi mwisho, hakukosea hata mahali pamoja.

Mama alipeleka mkono nyuma polepole, akashika ukuta.

"Alikuwa hapa," akasema.

"Alikuwa hapo, Mama."

"Mgongoni kwangu."

"Mgongoni kwako."

Akalia. Kwenye mazishi hakulia, akalia pale na kisu cha viazi mkononi, na mimi nikalia naye mpaka mdogo wangu akaja mbio akidhani kuna aliyeungua. Tulipotulia akapenga kamasi, akauliza, "Na huyo bwana wako wa Dar anataka kukata wapi?"

"Hapo. Anasema hakuna wimbo."

"Mwambie akithubutu napanda basi namfuata mwenyewe."

Nikacheka, machozi bado yananitoka. Akachukua kiazi chake, akakiangalia, akakirudisha kwenye beseni. Akajisogeza nyuma, mgongo ukabana sawasawa kwenye mabanzi, kichwa nacho akakiegemeza.

"Rudisha nyuma," akasema. "Anzia pale anapoacha."