Msiba wa Baba Darasani

Sifichi, yule mwanafunzi mwenzangu nilimwonea wivu tangu siku aliposhuka getini mwa chuo na sanduku lake la bati. Mimi nilikuwa mtu wa hapa hapa Mtwara, Myao wa Mtawanya. Kutoka chuoni ningeweza kwenda kwetu kwa miguu, nikasalimia, nikarudi kabla ya chakula cha mchana. Yeye alitoka Bukoba, alisafiri siku sijui ngapi kwa meli na treni na mabasi ya vumbi. Haikupita wiki, akawa anajua jina la mpishi wetu, jina la mke wa mpishi, na mtoto wa mpishi anaumwa nini. Mimi mpishi nilikuwa namwamkia tu na kupokea sahani yangu.

Vitanda vyetu vilikuwa jirani, kwa hiyo watu wakatuita marafiki. Haya, tulikuwa marafiki. Tuliazimana kanga, tulisukana nywele. Lakini akisifiwa, chakula kilikuwa hakinishuki.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, chuo cha ualimu, na katika somo la siasa palikuwa na sehemu iliyoitwa Uhusiano wa Rangi na Makabila. Mkufunzi wetu, mtu wa Upare, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alilipenda somo lile mpaka mishipa ya shingo ikimtoka. Alitueleza jinsi mkoloni alivyotupanga kwa rangi, hospitali yake Mzungu, yake Mhindi, na ya kwetu ile ya foleni. Kisha akatugeukia sisi wenyewe. Akasema kila mmoja aandike insha juu ya makabila mawili anayoyafahamu, waliishije pamoja, wapi waligombana, nini kiliwapatanisha. Atakayeandika vizuri kuliko wote, jina lake litapelekwa. Kulikuwa na nafasi moja ya kwenda Dar es Salaam kulisomea somo hilo na kurudi mkufunzi.

Jamani, niliitaka nafasi ile! Niliitaka mpaka nikawa naiota. Kwetu hakuna msichana aliyewahi kufika hapo nilipofika, na mimi nilikwisha kujiona nimesimama mbele ya darasa na chaki yangu, naitwa Ndugu Mkufunzi. Na darasa zima nilimhofia mtu mmoja tu.

Sasa mjinga ni nani kama si mimi? Jumamosi moja nilimchukua huyo huyo nikampeleka nyumbani. Sitasema nilifanya kwa wema. Nilitaka aone kwamba hapa mimi ndiye mwenyeji.

Mama alikuwa uani anabangua korosho. Nilimwambia mgeni asiguse, yale maganda yana mafuta yanayounguza vidole. Wapi! Alijipaka majivu kama alivyoona mama amejipaka, akavuta kigoda, akaanza kugonga. Mama akanitazama mimi niliyesimama na gauni langu la chuo, akamtazama yeye. Akasema, "Huyu kalelewa." Nilihisi nimechapwa.

Mara akapita jirani yetu, Mngoni wa Songea, Mkristo, mpakia mizigo bandarini, mtu wa mabega kama mlango. Akasimama pale pale uani, akapaza sauti, "We mjane, hujafa tu? Nimechoka kusubiri ubwabwa wa msiba wako!"

Mama hakuinua hata kichwa. "Nife, nani atakulisha? Babu zako walikuja kwetu na mikuki, wakarudi na njaa yao. Na wewe njaa umeirithi."

"Tuliwakimbiza mpaka baharini. Mngejua wapi kula samaki?"

"Toka hapa, mwizi wa ng'ombe!"

Akaokota konzi ya korosho zilizokwisha kumenywa, bila kuomba, akaenda zake anacheka. Mgeni wangu alikuwa ameshika mdomo kwa hofu. Nikamwambia kwa mkato kwamba ni utani tu, Wayao na Wangoni ni watani, mambo ya kizamani. Kwangu yalikuwa yameishia hapo. Yeye akamgeukia mama.

"Mama, hata kwenye msiba anasema hivyo?"

Mama akaweka jiwe chini. Na mama yangu, ambaye kwangu maneno yake yalikuwa umekula, umelala, umefua, akaanza kusimulia msiba wa baba.

Hapa lazima nieleze. Baba alifariki mimi nikiwa kidato cha tatu, shule ya bweni, mbali. Ilikuwa masika, na barabara za kusini masika mnazijua. Nilifika siku ya tano. Nilikuta mkeka, nikalia, tukarudi kuchota maji na kupika. Sikujua baba yangu alizikwaje. Miaka mitano sikujua, na siku ile nikayasikia yanaambiwa mgeni.

Mama akasema yule Mngoni alifika asubuhi ya mazishi akavaa kanzu ya baba na kofia ya baba, akawa anapita katikati ya wanawake kwa mwendo wa baba, anakokota mguu mmoja, anakohoa kikohozi cha baba kile kile, anauliza chai yake iko wapi. Makaburini akawatangulia wote, akashuka ndani ya kaburi, akajilaza, akasema huyu hazikwi mpaka alipwe jogoo. Shehe aligeukia pembeni akajifanya anasafisha koo. Ukazushwa ugomvi wa uongo, akaletwa jogoo, ndipo akatoka, akajifuta udongo, akalia kuliko ndugu wote. "Mimi," mama akasema, "nilikuwa sijala siku mbili. Nilipoambiwa habari ya jogoo nilicheka mpaka nikaomba uji. Yule ndiye aliyenirudisha."

Akacheka tena pale uani, na machozi yakamtoka, na yule wa Bukoba akamfuta kwa ncha ya kanga yake mwenyewe. Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimekaa kizingitini kama mgeni.

Mgeni alipoondoka kwenda msalani nikamwuliza mama kwa hasira, kwa nini hakuniambia mimi, baba ni wangu.

Mama akachukua jiwe lake. "Hukuniuliza," akasema, akaendelea kugonga.

Insha yangu niliiandika vizuri. Niliandika umoja, niliandika ujenzi wa taifa, niliandika Wayao na Wamakonde walivyolima pamoja, hati safi, bila doa. Hakukuwa na mtu hata mmoja ndani yake. Nilijua hivyo tangu nilipokuwa naiandika, ndiyo maana roho haikutulia.

Siku ya kurudishiwa, mkufunzi aliingia na karatasi moja mkononi, zingine kaziacha mezani. Akasema katika miaka yake yote ya kufundisha hajasoma insha kama hii. Akaisoma. Kanzu, kofia, kikohozi, kaburi, jogoo, jina la mtu halikutajwa. Darasa lilicheka, kisha nyuma yangu nikasikia mtu anavuta kamasi. Ilikuwa nzuri.

Kisha mkufunzi akavua miwani. Akasema utani anaufahamu, Tanzania nzima inaufahamu. Lakini Mkristo kuingia kaburi la Mwislamu, na shehe yupo? Kama mwanafunzi ametunga, basi amewadhalilisha wenyeji wetu, na hiyo ndiyo mbegu ya ukabila tunayoipiga vita. Akasema bahati nzuri tunaye hapa Myao wa hapa hapa, Mwislamu. Akanitaja.

"Ndugu, jambo kama hili hutokea kwenu?"

Nilisimama. Yule wa Bukoba alinigeukia akitabasamu, hana hata chembe ya wasiwasi. Aliketi kama mtu ambaye shahidi wake amefika.

Nikasema, "Hapana. Kwetu hakuna mila hiyo."

Sauti yangu haikutetemeka. Ningependa kusema ilitetemeka.

Mkufunzi akauliza tena, taratibu, na mimi nikarudia, nikaongeza kwamba mazishi yetu ni ya heshima. Akachukua kalamu nyekundu, akakata ile karatasi kutoka kona hadi kona. Mwezi uliofuata jina lililopelekwa lilikuwa langu.

Nilijiandaa kwa ugomvi. Ningeupokea kwa furaha ugomvi ule, nilikuwa na maneno tayari. Jioni ile ya insha alikuja akakaa kitandani kwangu, macho yamevimba, akanishika mkono.

"Afadhali umesema," akaniambia. "Ningekwenda kuwafundisha watoto wa watu uongo. Kumbe mama alikuwa ananipima mimi mgeni kwa hadithi ya kutunga, na mimi nikaandika yote! Usimwambie nimeumia. Mwambie sina kinyongo naye."

Aliniamini mimi kuliko mama yangu. Nami nilikaa pale, mkono wangu mkononi mwake. Nyumbani hakukanyaga tena, kwa aibu. Baada ya mtihani wa mwisho akapangiwa shule ya huko kwao, na barua yake moja aliyoniandikia sikuijibu.

Nilipokwenda kumwambia mama kwamba nimechaguliwa, alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Kisha akauliza, "Na mwenzio? Yale niliyompa yalimfaa?"

"Yalimfaa," nikasema.

"Aliyaandika?"

"Aliyaandika. Mkufunzi aliyasoma mbele ya darasa zima."

Hilo halikuwa uongo. Mama akakaa chini polepole. Akaniuliza yalisomwa yote, na kikohozi? Nikasema na kikohozi. Akajifunika uso kwa kanga, kisha akainuka, akakimbia, mwanamke mzima, mpaka mlangoni kwa Mngoni, akamwita atoke. "Tumesomwa chuoni! Mimi na wewe na marehemu!"

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila mgeni aliyefika pale kwetu alihadithiwa jinsi mazishi ya mumewe yalivyoandikwa na mwanafunzi wa Bukoba, yakasomwa chuoni, wasomi wakacheka na kulia. Na kila mara mgeni akionyesha kutosadiki, mama alikuwa ananinyooshea kidole nilipo. "Muulizeni huyu. Alikuwepo darasani, ameyasikia kwa masikio yake."

Wananigeukia. Nami nasema ndiyo, ni kweli kabisa, ndivyo ilivyokuwa.