Humphrey na Wanaume Wanane Waliokwenda Kinyumenyume

Mjukuu wangu Humphrey alizaliwa huku Uingereza, Edmonton, wiki tisa kabla ya siku zake, mdogo kiasi kwamba nilimbeba ndani ya soksi ya daktari. Mama yake, Placida, anasema alilazwa kwenye kisanduku cha kioo. Placida alikuwa amechoka siku ile; mwenye macho nilikuwa mimi.

Hakurefuka sana. Leo ana miaka ishirini na moja na viatu bado ananunua upande wa watoto. Lakini sauti alipewa kubwa: akiwa na miaka minne alipiga kelele tukiwa kituoni, treni nzima ikasimama. Haya, ilikuwa inasimama pale hata hivyo. Alipoingia chuo kikuu, wakamchukua kwenye boti ya makasia, timu ya kwanza kabisa.

Nilikwenda mtoni kumtazama. Nikaona majitu manane yanavuja jasho, na Humphrey amekaa mwisho wa boti, mikono imetulia, anawaamrisha. Jumapili baada ya misa nikawaeleza wanawake kwamba mjukuu wangu sasa ni mkubwa, Waingereza wanane wanamzungusha mtoni naye amekaa tu. Njeri, Mkenya anayekaa benchi la mbele, alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka. Nikaongeza kwamba kila asubuhi wanamwamkia kwa magoti.

Maneno yale yalimwangukia mtoto. Humphrey yumo kwenye Udugu wa Jiko Moja, chama cha vijana wa Kikenya na Kitanzania walioanza kwa kupika pamoja bwenini. Kila Juni wanamheshimu ndugu aliyeng'ara katika michezo ya chuo: jina lake linapigiliwa misumari kwenye ubao wao, na halibanduliwi tena. Mwaka huu boti ya Humphrey ilishinda mara tatu. Lakini mwenyekiti wao, Elkana, mtoto wa Njeri, mcheza raga mwenye shingo kama gogo, alisema ubao ni wa wanamichezo, si wa abiria. Na kama shahidi akanitaja mimi, na maneno yangu ya kanisani.

Humphrey hakunilaumu. Alikaa jikoni kwangu akanieleza polepole, kwa Kiingereza chake, kwamba wapiga makasia huipa mgongo njia. Hawaoni waendako. Anayeona ni yeye peke yake, na usukani ni wake. Akikosea, wote tisa wanaivaa nguzo ya daraja. Nilijuta kikombe kizima cha chai. Kufika kikombe cha pili nilikuwa nimeshajua la kufanya.

Siku ya sherehe, ukumbi wa kanisa ulijaa. Desturi yao, mzee wa nyumbani ndiye anayeanza kusema. Nikasimama, nikamwambia Elkana achague wenzake saba wenye nguvu. Waitoe meza ndefu jikoni hadi mwisho wa ukumbi ikiwa na chakula chote, wanne huku, wanne kule, wakienda kinyumenyume bila kugeuza shingo. Humphrey awaongoze. Wakifika salama, jina lipande ubaoni.

"Mama," Placida akaninong'oneza, "hicho ni chakula cha watu tisini."

"Ndiyo maana," nikamjibu. "Wangebeba maua nani angetazama?"

Wakainua. Sufuria la ndizi na maharage lilikuwa katikati, likitoa moshi. Humphrey alishika mwisho wa meza, akiwatazama usoni, na sauti yake haikuwa ya kufoka hata kidogo. Hatua, hatua, kushoto, ngojeni, yote kwa Kiingereza chake. Wakaipita nguzo. Wakakipita kigari cha mtoto. Kufika katikati miguu kumi na sita ilikuwa inakanyaga kama miwili.

Hapo mimi nikasukuma kiti njiani kwa fimbo yangu. Kidogo tu. Hata mtoni vitu huelea.

Humphrey aliwasimamisha palepale. Kisha kijana huyu, ambaye tangu ajue kusema namwuliza kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, akanikazia macho.

"Bibi, rudisha kiti."

Nikarudisha. Watu tisini waliniona nikitii.

Meza ilifika, hata mchuzi haukumwagika. Elkana alisimama akihema, jasho limemjaa shingoni.

"Sikuona kitu, Bibi," akaniambia. "Nilikuwa namsikiliza yeye tu."

Nyundo akaifuata mwenyewe. Alilipigilia jina la Humphrey kando ya lake alilolipata kwa raga, juu, mpaka ikabidi mjukuu wangu apande kiti kuligusa, kiti kilekile. Kwetu Bukoba aliyetenda jambo hujigamba mbele ya watu, mkuki mkononi. Mkuki hatukuwa nao. Nikampa mwiko wa ndizi. Akauinua juu.

"Mimi ndiye ninayeiona njia," akasema, kwa Kiswahili tena, na vigelegele vilipasua dari.

Sasa kila Jumapili nawasimulia wanawake: meza ilikuwa ndefu kama treni, na waliobeba walikuwa ishirini na wanne. Njeri alikuwepo, alihesabu. Ananiangalia, anakunja kitambaa chake, anawaambia wenzake kwamba ni kweli, na wa mbele kabisa alikuwa mwanawe.