Kisima cha Kansahle na Kiti Changu cha Wadi

Siku yangu ya kwanza katika baraza la mji nilikalishwa chini mara tatu. Nilikuwa diwani mteule, yaani sikupigiwa kura bali chama kiliniteua, na kabla ya hapo nilikuwa nikiwafundisha watu wazima kusoma. Nilizoea kusema mbele ya watu. Basi soko la mifugo likitajwa, nasimama. Choo cha stendi kikitajwa, nasimama. Mara ya tatu mwenyekiti wa baraza, mzee wa ndevu za hina aliyewahi kufanya biashara ya ngamia, alinitazama juu ya miwani yake.

"Diwani Sahara, walaal, dada yangu, hapa mtu haongei kwa sababu ana neno. Anaongea kwa sababu mwenyekiti amemruhusu."

Madiwani walicheka, wote wanaume isipokuwa mimi. Baada ya kikao nilikwenda kwa karani wa baraza nikamwomba kitabu cha kanuni za kudumu, zile sheria zinazoongoza mijadala. Alinipa, na juu yake akanifundisha kuandika hoja.

"Andika unachotaka, nani akifanye, na lini," aliniambia. "Yaliyobaki ni hotuba."

Hoja yangu ya kwanza kupita iliwapatia wanawake wanaouza maziwa ya ngamia paa sokoni. Wengi wao hawakuwahi kusikia neno hoja, lakini kivuli walikielewa.

Serikali za kaunti zilipokuja, mabaraza yalifungwa, nami nikaamua kuomba kura. Kwetu wazee huketi kwanza wakakubaliana nani asimame. Aliyenitetea alikuwa Adeer Abdi, ndugu wa baba yangu, mzee wa Bula Geel, kijiji chetu. "Mwanamke huyu anazijua kanuni," aliwaambia. "Hao wengine wanajua kelele." Nilishinda. Nikaapa katika bunge la kaunti nikiwa nimeshika Kurani, nikawa mwakilishi wadi, na watu wakaanza kuniita Mheshimiwa hata nikiwa jikoni.

Spika wetu alikuwa hakimu mstaafu, mkali wa akidi: kama idadi ya wajumbe inayotakiwa haikutimia, alifunga vitabu akaondoka. Nilimpenda kwa hilo. Baada ya muda nilichaguliwa kuongoza Kamati ya Maji, na hapo ndipo kazi yangu ilipopimwa.

Ukame ulikuwa umekaa. Bula Geel walikunywa maji ya lori, na lori lilikuja lilipotaka. Bajeti iliruhusu kisima kimoja tu cha kuchimbwa kwa mashine katika upande wetu, na kijiji kizima kilijua mwenyekiti wa kamati ni binti yao. Kisha mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi akaleta ripoti yake. Chini ya Bula Geel maji yalikuwa ya chumvi, hata mbuzi wangeyakataa. Maji matamu yalikuwa Kansahle, wadi ya jirani, kwa watu tuliogombana nao kuhusu malisho tangu enzi za babu zangu.

Mjumbe mmoja wa kamati alinivuta kando. "Mheshimiwa, ripoti ya kamati unaiandika wewe. Ukurasa mmoja ukipotea, nani atauliza?"

"Watauliza watakaokunywa," nikamjibu.

Sikutaka Bula Geel wasikie habari hizo redioni. Nilikwenda mwenyewe, nikawasomea wazee ripoti yote, nikiitafsiri kwa Kisomali. Walipoelewa, Adeer Abdi alisimama.

"Tulikupeleka wewe huko. Hatukumpeleka mtaalamu."

"Adeer, nikiwaletea kisima cha chumvi, nitakuwa nimewaletea nini?"

"Ungekuwa umetuletea kisima," alisema, akachukua fimbo yake akaenda zake. Hakunipa mkono wa kwaheri. Nililia garini njia nzima, siwafichi.

Lakini kanuni zinaruhusu marekebisho, yaani kuongeza au kubadili maneno ya hoja kabla haijapigiwa kura. Kwenye hoja ya kisima niliandika marekebisho ya sentensi moja: kisima kichimbwe Kansahle, na bomba livutwe hadi Bula Geel. Mwakilishi wa Kansahle alisimama bungeni akapinga. Watu wake, alisema, hawangekubali maji yao yaende kwa majirani.

"Mheshimiwa Spika," nikasema, "mjumbe mwenzangu aniambie ni kina mama gani wa Kansahle waliokataa. Niliketi nao juzi. Nusu yao wameolewa kutoka Bula Geel."

Bunge liliangua kicheko, naye mwenyewe akacheka, maana mkewe alikuwa mmoja wao. Hoja ikapita pamoja na marekebisho yake.

Uchaguzi uliofuata nilishindwa. Bomba lilikuwa halijafika, na Adeer Abdi alizunguka boma kwa boma akimpigia mwingine kampeni. Siku maji yalipofunguliwa Bula Geel, mwakilishi mpya alihutubia, nami nilikaa na wanawake kwenye mkeka. Adeer alikinga kikombe, akaonja, akanywa chote. Akakijaza tena, akapita mbele ya wageni rasmi wote, akaja kunipa.

"Kunywa, binti yangu," alisema. "Nilikosea, na nilikosea kwa sauti kubwa. Wallahi, leo nasema kwa sauti ile ile." Akageuka akawaambia watu wote.

Waliniomba nigombee tena. Nilikataa bila kinyongo. Miguu ilikuwa imechoka, na kazi niliyotaka kuifanya ilikuwa ikitiririka pale mbele yangu. Sasa niko nyumbani Garissa. Alasiri wanawake wanaotaka uongozi huja sebuleni kwangu, nikawafundisha hoja, marekebisho na akidi, kwa Kisomali na Kiswahili. Wawili wao wako bungeni tayari.

Wiki iliyopita nilimsikia mmoja wao redioni akitoa hoja ya nidhamu, yaani kudai kwamba kanuni imevunjwa. Spika akaikataa. Mwanafunzi wangu akataja kanuni kwa nambari yake, akasoma kifungu chote, taratibu. Kisha Spika akasema, "Mheshimiwa, uko sahihi. Endelea."

Nilizima jiko, nikaketi kumsikiliza hadi mwisho.