Fundi wa nyusi na sindano ya ghorofani

Mlango wa saluni umefunguliwa nusu tu, na benchi limeshajaa. Ni saa mbili asubuhi. Kwenye kiti cha pembeni, karibu na dirisha, fundi anachomoa uzi mweupe kutoka mfuko wa aproni, anaubana kwa meno na kuusokota kati ya vidole mpaka unafanya umbo la mkasi. Mteja amelaza kichwa nyuma. Uzi unaanza kutembea juu ya ushi, ukilia kama panzi kwenye majani makavu.

Wateja wanamwita Dada Uzi. Ana miaka ishirini na sita, mwembamba, mwepesi wa kucheka, na leo hatulii. Jumamosi anahama kiti hiki cha kukodi na kufungua chumba chake mwenyewe, ng'ambo ya barabara.

"Tangu jana chakula hakipiti," anasema, akiutoa uzi mdomoni. "Nikifumba macho naona mlango. Mlango tu, na ufunguo mkononi mwangu."

Anayemtazama kazini kwa mara ya kwanza huvutiwa na paji lake la uso kuliko vidole vyake. Kabla uzi haujavuta, paji hujikunja. Mistari hupanda kutoka kwenye nyusi hadi karibu na nywele, utadhani yeye ndiye anayeng'olewa vinyweleo. Uzi ukishapita, mistari hulala.

Wateja wa siku nyingi wanalijua paji hilo vizuri. Mgeni akikaa kitini akitetemeka, benchi zima humsomesha: jicho la upande unaotindwa lifumbe, la pili liache wazi, umtazame fundi usoni. Akikunja, bana pumzi. Akikunjua, shusha.

Mwezi mmoja uliopita, Dada Uzi alikuwa mbioni kulinyamazisha paji hilo kwa sindano.

Mambo yalianza na bango. Alipokabidhiwa ufunguo wa chumba, baada ya miaka ya kuweka akiba ushi kwa ushi, alitaka sura yake ichorwe juu ya mlango ili wateja wasipotee. Mchoraji wa mabango akampiga picha kwa simu, akiwa kazini, uzi menoni.

"Nilipoonyeshwa, niliduwaa," anasimulia. "Nikamwambia, huyu uliyempiga ni mama yangu."

Mama yake ni fundi cherehani. Amewalea yeye na dada yake kwa kushona sare za shule, akiwa amebana pini midomoni na kukunja paji kila sindano ya cherehani inaposhuka. Uzi wa kwanza ambao binti yake alijifunzia kutinda uliibwa kwenye cherehani hiyo. Mama alijua, akanyamaza, na wiki iliyofuata akanunua wa ziada.

Juu ya saluni, ghorofa ya pili, kuna kliniki ya ngozi. Zamani waliokuwa wakipanda ngazi zile ni watu wazima. Siku hizi wanapanda vijana wa umri wa Dada Uzi na hata wadogo zaidi, wasio na kunyanzi hata moja, wakifuata sindano ya botoksi ili makunyanzi yasije kabisa. Wakishuka, wengi hupitia kwake kusawazisha nyusi.

Meneja wa kliniki alimfuata na ofa. Achomwe bure kabla ya ufunguzi, apigwe picha mpya, na yeye awe anawapa wateja wake vijana neno moja zuri kuhusu ghorofani. Dada Uzi aliona kama ameokota almasi barabarani. Alimwambia kila aliyekaa kwenye kiti chake.

Na benchi, kama kawaida yake, likageuka bunge. Mwanafunzi wa uhasibu aliunga mkono kwa moyo wote: meno yanapigwa mswaki kabla hayajaoza, kwa nini ngozi isubiri iharibike? Mwalimu wa chekechea akasema yeye hathubutu. Akikaushwa paji, watoto watajuaje kuwa amekasirika? Itambidi aanze kupiga kelele, na sauti hana. Benchi likacheka hadi mteja aliyekuwa kitini akaomba watulie, nyusi zake zisije zikapotea.

Dada mkubwa wa Dada Uzi, mpokeaji wageni hotelini, alikuwa na la kusema. Yeye amechomwa mara kadhaa na hafichi.

"Nakaa pale mbele kutwa nzima, mgeni anausoma uso wangu kabla hajasoma bei," alimwambia mdogo wake. "Nilichomwa, nikapendeza, nikalala usingizi wangu. Sasa nani amekufa?"

Mama yao hakuingia kwenye ubishi. Siku alipoelezwa kuhusu sindano na picha mpya, alisimamisha cherehani, akatoa pini mdomoni moja moja, akauliza taratibu, "Unataka kuufuta uso gani, mwanangu? Wako au wangu?"

Dada Uzi anakiri swali hilo lilimchoma, lakini halikumrudisha nyuma. Miadi ilikuwa imeshapangwa, na hamu ilikuwa imempanda kichwani. Akaamua hata kulizoesha paji mapema. Msichana mmoja wa saluni alimfundisha ujanja: bandika plasta kwenye paji, livute, likae bila kujikunja. Dada Uzi akabandika plasta ya kidonda, pana, kutoka ushi hadi nywele, akaifunika kwa kitambaa cha kichwa na kuingia kazini.

Mteja wa kwanza siku hiyo alikuwa bibi harusi mtarajiwa, mteja wake wa miaka, aliyebakiza siku chache kabla ya ndoa. Alilala kitini, akafumba jicho moja, la pili akalielekeza pale pale anapolielekeza siku zote.

Uzi ukavuta. Paji halikusema kitu. Bibi harusi, aliyekuwa bado anangoja ishara, alishtuka, kichwa kikaruka, na uzi ukala mkia wa ushi.

Mashine ya kukaushia nywele ilizimwa. Bibi harusi aliomba kioo, akajitazama, akagusa pale palipobaki peupe. Hakupiga kelele. Alimgeukia fundi kama mtu aliyeachwa kituoni na ndugu yake.

"Mbona hukukunja?" aliuliza. "Mimi nilikuwa nakungoja wewe."

Dada Uzi alivua kitambaa mbele ya watu wote na kuibandua plasta. Akalia, anasema, na kilio kikachanganyika na kicheko, kwa sababu plasta ilitoka na vinyweleo vya nyusi zake mwenyewe, na bibi harusi ndiye wa kwanza kuona. "Sasa tumekuwa mapacha," alimwambia. Siku ya harusi fundi alifika kwake mapema na kuuchora mkia ule kwa kalamu ya nyusi, unywele kwa unywele.

Hakufuta miadi. Alipanda ghorofani siku iliyopangwa, na anamsifu daktari aliyemkuta, mwanamke kijana mwenye subira. Daktari alimwambia ainue nyusi, akunje, afumbe macho, kisha akamweleza bila kupamba: dawa inalegeza msuli, nguvu yake inaisha baada ya miezi mitatu au minne hivi, kisha mtu anarudi. Inaweza kuchelewesha mistari isichimbe. Lakini kwa paji lenye mistari inayokuja na kuondoka kama lake, hakuna haraka, wala hakuna anayeweza kuapa uso wake utakuwaje miaka ijayo. Wengine wanapenda matokeo, wengine wanapata maumivu ya kichwa au kope kulegea kwa muda. Jua, alisema, linastahili kuogopwa mapema zaidi.

Dada Uzi aliuliza swali moja tu. "Nikiwa kazini, litakunja?"

"Kidogo sana, au lisikunje kabisa," daktari alijibu. "Ndiyo kazi ya dawa."

Akashukuru, akashuka kitini. Kwa meneja alipitia pia, kumwambia ofa hataiweza. Hatampeleka mteja ghorofani wala hatamzuia.

"Mimi siyo hakimu wa nyuso za watu," anasema sasa, akikata uzi mwingine. "Dada yangu kachomwa na anang'aa, nampenda vile vile. Huenda nikifika hamsini utanikuta kwenye zile ngazi, nahema. Kinachoniuma ni binti wa miaka ishirini na mbili anakuja hapa, uso kama yai, halafu anajitazama kwenye kioo changu kama mgonjwa. Namwambia kwanza acheke. Nikishaona anavyocheka ndipo najua nyusi zake nizifuatishe wapi."

Ushauri wa daktari kuhusu jua ameuchukua kwa bidii ya mwongofu mpya. Kwenye dirisha la saluni kuna chupa ya mafuta ya kujikinga na jua, na hakuna mteja anayetoka bila kupakwa, apende asipende.

Mchana anavuka barabara kwenda kwenye chumba chake, kichwani kofia pana kama ungo. Harufu ya rangi mpya inamlaki mlangoni. Ndani kuna viti viwili: kimoja chake, cha pili cha msichana atakayemfundisha, wa kwanza, na akijaliwa atafuata mwingine. Mama yake yupo juu ya kigoda, anapima pazia, pini mdomoni.

Simu inalia. Ni bibi harusi, ametuma picha ya ushi ulioota mkia wote, na ujumbe mfupi: Jumamosi mimi wa kwanza. Ila ukunje.

Nje, mchoraji yuko juu ya ngazi. Sura kwenye bango imekamilika: macho, meno, uzi uliosokotwa. Amebakiza paji. Anainama na kuuliza kama mistari ile ailainishe, maana ni kazi ya mpako mmoja tu wa brashi, na akina dada wengi huomba hivyo.

Mama anatoka na pazia mkononi. Anasimama kando ya binti yake, anatazama juu. Jua linawapiga usoni wote wawili.

"Iweke yote," Dada Uzi anamwambia mchoraji. "Na uikoleze. Wateja wangu waione kutoka ng'ambo kule."